Ulimi Ukijikwaa Mbele ya Darasa: Mwongozo Kamili wa Kusoma na Kuzungumza kwa Sauti

Binti wa kidato cha pili alisimama kusoma habari ya usafi wa mazingira. Sentensi ilisema wanakijiji wachemshe maji ya kunywa. Yeye akasoma "maji ya kunya". Darasa zima likaangua kicheko. Aliketi kabla sijamwambia aketi, akajifunika uso kwa daftari, na tangu siku ile hadi shule ilipofungwa hakunyoosha mkono tena katika kipindi changu.

Nafundisha Kiswahili, na kosa lile lile nimelisikia kabla yake na baada yake. Malalamiko ninayoletewa nayo yanafanana: "Mwalimu, nilisoma mara kumi nyumbani, mbona nimeteleza?" Umeteleza kwa sababu mara kumi hizo ulisoma kwa macho. Kila mara ulianzia juu, ukachoka kabla ya kufika chini. Na hukujiandaa hata kidogo kwa zile sekunde tatu zinazofuata baada ya kosa. Hapo kwenye sekunde tatu ndipo aibu inapozaliwa; kosa lenyewe huwa limeshapita.

Mwongozo huu ni wa anayesoma insha yake darasani, anayewasilisha kazi ya kikundi, anayesimama kwenye mdahalo, hata mwanachuo mwenye semina. Unahitaji siku tatu, kila siku dakika ishirini hivi. Ukiwa na usiku mmoja tu, fanya hatua ya 2, ya 3 na ya 6.

## Vitu vya kuwa navyo

- Andiko unalokwenda kusoma, pamoja na karatasi tupu za kulinakili.
- Penseli na kifutio. Usitumie wino, maana alama utazibadilisha.
- Simu yenye kinasa sauti. Kama huna, tafuta mtu wa nyumbani wa kukusikiliza, na yeye awe na nakala ya andiko mkononi.
- Kioo kidogo cha kujitazama mdomo.
- Kamusi ya Kiswahili.
- Saa, na maji ya kunywa.

Wapo wanaoshauri uzungumze huku umeng'ata penseli ili kulainisha ulimi. Mimi siwapi wanafunzi wangu zoezi hilo. Linafundisha mdomo kutamka ukiwa umebanwa, na darasani hautakuwa umebanwa.

## Hatua ya 1: Nakili andiko kwa mkono, ukiruka mstari

Andika kwa herufi kubwa za kutosha, uache mstari mmoja wazi kila baada ya mstari wenye maneno. Sentensi isivuke ukurasa. Ikibidi, acha nafasi chini na uianzie ukurasa unaofuata.

Sababu ni kwamba makosa mengi ya kusoma huanzia kwenye jicho. Mistari ikibanana, jicho hudondokea mstari wa chini na mdomo hutamka neno la huko. Sentensi ikikatika mwisho wa ukurasa, utaikamilisha kwa kubahatisha huku unafunua karatasi.

Unaponakili, geuza kila tarakimu na kila kifupisho kuwa maneno kamili. Hapa ndipo wanafunzi wazuri wanapogandia. Mwaka 1964 uandike "elfu moja mia tisa sitini na nne". Shilingi 200,000 ziandike "laki mbili". Ratiba ya Kiingereza ikisema 7:30 za asubuhi, wewe andika "saa moja na nusu asubuhi", kwa sababu mbele ya watu jicho litaona saba na mdomo utasema saba. "N.k." iwe "na kadhalika", "k.v." iwe "kama vile", "S.L.P." iwe "Sanduku la Posta". Sura ya IV iandike "sura ya nne".

Dalili kwamba umefaulu: karatasi yako haina tarakimu hata moja, na mtu mwingine anaweza kuichukua akaisoma bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 2: Winda mitego kabla haijakuwinda

Kaa na penseli, soma polepole kwa sauti, na zungushia duara kila neno linaloweza kukuangusha. Usingoje kuanguka ndipo uweke alama. Mitego ya Kiswahili inajulikana, na ukishaijua utaiona ukurasani kama unavyoona shimo barabarani mchana.

Neno lenye jirani mbaya. Haya ndiyo yanayoleta kicheko. "Kunywa" ina jirani yake "kunya". "Mvi" ya babu ina jirani yake "mavi". "Nitachambua shairi" ikikatwa mkia na mtu mwenye haraka hubaki "nitachamba". Tazama kinachotokea: katika "kunywa" midomo inatakiwa ikunjamane kwa ajili ya *w*, na msomaji mwenye hofu hana muda wa kuikunja. Katika "mvi" konsonanti mbili zimefuatana, na ulimi uliozoea silabi za konsonanti na irabu huchomeka *a* katikati ili upate nafuu.

R na L. Wananchi hupiga kura, si kula. Mtu hufika mahali; mahari hulipwa ukweni. Mwanafunzi hununua kalamu, na karamu huandaliwa. Nimewahi kumsikia kijana akihitimisha hotuba yake kwa nguvu zote: "Nchi yangu ni fahali yangu!" Alikusudia fahari. Akaondoka na jina la Fahali, na jina hilo lilidumu naye mpaka alipomaliza shule.

Th na S, Dh na Z. Thamani na samani. Dhana na zana. Walimu wenzangu, hata sisi hili linatukamata: mara ngapi umesikia "dhana za kufundishia" mtu akiwa ameshika chaki na ramani?

Sh na S. "Alishuka kwenye basi" na "alisuka kwenye basi" ni habari mbili tofauti kabisa.

Irabu mbili zinazofuatana. Mtego huu hauzungumzwi sana, nao ni mkali. "Alikataa" ukifupisha mwisho inakuwa "alikata". "Ushauri huu utakufaa" ukifupisha, umemtabiria msikilizaji kwamba ushauri utakufa; na ukisema "utakufa" ukiwa unamtazama machoni, ataelewa vibaya zaidi.

Vitenzi virefu. "Waliwatawanya." "Hawakuwakaribisha." "Aliyemnyang'anya." Silabi zinafanana, na ulimi huruka moja au hurudia nyingine.

Maneno jirani yanayobadilishana vichwa. "Kikombe cha chai" hutoka "chikombe cha kai". Ubongo huandaa maneno kadhaa kwa pamoja kabla ya kuyatoa, kwa hiyo sauti ya neno linalokuja inaweza kuruka foleni. Ndiyo maana mtu akiharakisha huteleza zaidi: foleni inabanana mlangoni. Hilo halina uhusiano na akili yako wala na malezi yako.

Kila mtu ana mitego yake kutokana na lugha ya nyumbani. Kikikuyu kina *r* lakini hakina *l*, basi anayekizungumza ajiangalie kwenye *l*. Kijaluo hakina *sh*, ila kina *th* na *dh*, na ndiyo sababu rafiki yangu Mjaluo hutamka "dhahabu" na "thamani" safi kuliko wengi wetu, kisha "shamba" likamsumbua. Lugha ya mama si ugonjwa. Ijue tu imekupa nini na imekunyima nini, uweke maduara yako panapostahili.

Kwenye masomo ya Kiingereza mitego ni ile ile. Mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi akifundishwa kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akakuta jiografia kwa Kiingereza, na *r* ikimponyoka kwenye neno la mchele, *rice*, darasa linasikia *lice*, yaani chawa.

Onyo: usizungushie kila neno. Ukurasa mmoja ukiwa na maduara zaidi ya kumi na mbili, jicho litaacha kuyaheshimu. Chagua yale yanayobadilisha maana na yale uliyokwisha kuteleza nayo.

Dalili kwamba umefaulu: unaweza kufunga karatasi na kutaja mitego yako kwa kichwa.

## Hatua ya 3: Fundisha mdomo

Macho yako yanajua neno "kunywa" tangu darasa la kwanza. Anayekuangusha ni mdomo, na mdomo hufundishwa kwa kufanyishwa kazi. Shika kioo.

*Kunywa.* Sema "nyu", ukitazama midomo ikijikunja kama ya mtu anayepuliza moto jikoni. Shikilia hapo, kisha fungua "wa". Nyu-wa, nyu-wa, nyu-wa. Ongeza mwendo mpaka iwe "nywa". Halafu rudisha neno nyumbani kwake: "kunywa", "maji ya kunywa", "wachemshe maji ya kunywa". Usiishie kwenye neno peke yake, kwa sababu darasani halitakuja peke yake.

*R na L.* Kwa *l*, kitambaza, ncha ya ulimi hugusa ufizi wa juu na kutulia pale, hewa ikapita pembeni. Kwa *r*, kimadende, ncha ile ile hupigapiga ufizi bila kutulia. Kama *r* inakuponyoka, anza na *d* ya haraka: "ada, ada, ada", ukilegeza ulimi kidogo kidogo mpaka isikike "ara". Kisha soma sentensi hii, haina maana kubwa lakini ina kazi: "Kalamu ya karamu iko mahali pa mahari, na fahali ni fahari ya kura hata kama hana kula."

*Th na Dh.* Kwenye kioo, ncha ya ulimi ionekane kati ya meno ya juu na ya chini. Isipoonekana, unatamka *s* au *z*. Weka vidole kooni: *dh* inatetemesha koo, *th* haitetemeshi. Sema "thamani ya samani" mara tano, kisha "zana za kueleza dhana" mara tano.

*Sh.* Kutoka kwenye *s*, rudisha ulimi nyuma kidogo kuelekea kaakaa na utokeze midomo. "Alisuka, akashuka, alishuka, akasuka."

*Gh.* Inatoka nyuma, ulimi ukikaribia kaakaa laini bila kuziba hewa, kama unayesukutua koo polepole. "Gari ghali." Ukiona inakuwa *g* tupu, umeziba hewa.

*Vitenzi virefu.* Vikate kwa penseli: a-li-ye-m-nya-ng'a-nya. Anza kujenga kutoka mkiani: "ng'a-nya", "nya-ng'a-nya", "mnyang'anya", "aliyemnyang'anya". Ukijenga kutoka mkiani, kila ukiongeza silabi unaelekea mahali unapopajua; ukijenga kutoka mwanzo unaelekea gizani. Mbinu hii ndogo imewaokoa wanafunzi wangu wengi kuliko nyingine yoyote.

*Irabu mbili.* Zipigie kofi. "A-li-ka-ta-a": makofi matano. Ukipata manne, umekata.

Dalili kwamba umefaulu: unasema kila neno la duara mara tatu mfululizo, kwa mwendo wa kawaida, ndani ya sentensi yake, bila kupunguza kasi unapolifikia. Ukipunguza kasi, ulimi bado unaogopa.

## Hatua ya 4: Weka pumzi na mkazo

Chora mkwaju mmoja (/) mahali pa kupumua kidogo na mikwaju miwili (//) mwisho wa sentensi. Pumzi ikikuishia katikati ya kitenzi, utameza silabi ya mwisho, na tumeona "nitachambua" iliyomezwa inavyokuwa.

Pumzi vilevile hubeba maana. "Mama Juma amefika" ni taarifa kuhusu mama yake Juma. "Mama, / Juma amefika" ni mtoto anamwambia mamaye. Maneno ni yale yale, na wasikilizaji wako hawaoni mkato. Wanausikia kwenye pumzi yako tu.

Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hauhitaji kuuhangaikia. Weka alama kwenye yale machache yanayokiuka. "Barabara" ya magari inakazwa silabi ya tatu: bara-BA-ra. "Barabara" ya kwamba jambo liko sawasawa inakazwa mapema: ba-RA-bara.

## Hatua ya 5: Acha kuanzia juu

Ukianza kila zoezi kwenye sentensi ya kwanza, aya ya kwanza itakuwa imara kama ukuta na ya mwisho itakuwa ya nyasi. Tena utakuwa umezoea kufika kwenye mtego ukiwa na kasi ile ile, uoga ule ule, kosa lile lile. Mdomo hujifunza kosa kama unavyojifunza usahihi. Ukiteleza mara kumi umelifanyia kosa mazoezi mara kumi.

Siku ya kwanza, soma aya ya mwisho kwanza, kisha iliyo juu yake, mpaka ufike mwanzo. Siku ya pili, soma sentensi zenye maduara peke yake, kila moja pamoja na sentensi iliyo kabla yake. Siku ya tatu ndipo usome lote kutoka juu hadi chini, umesimama, karatasi mkononi, ukiwa umejirekodi.

Sikiliza rekodi ukiwa na andiko na penseli. Wengi huchukia sauti yao mara ya kwanza wanapoisikia. Vumilia, ya pili utaizoea. Tafuta mambo mawili: wapi umebadilisha neno bila kujua, na wapi umeongeza kasi. Mtu huongeza kasi kabla ya kuanguka, karibu kila mara.

Kuhusu mwendo, mimi huwapa wanafunzi dakika tatu kwa kurasa mbili za daftari zilizoandikwa kwa kuruka mstari. Kama unamaliza kwa dakika moja na nusu, unakimbia. Ukisoma polepole kiasi cha kujiona kero, jua kwamba darasa linaona ni kawaida.

Onyo: ukiteleza wakati wa mazoezi, usirudi mwanzo wa ukurasa. Rudi sentensi moja, ipite salama mara mbili, endelea. Kurudi mwanzo ni adhabu, na ulimi ulioadhibiwa hukakamaa.

Dalili kwamba umefaulu: rekodi moja kamili isiyo na kosa linalobadilisha maana. Makosa madogo mawili matatu yaache yalivyo.

## Hatua ya 6: Andaa sekunde tatu

Ninakusihi usiiruke hatua hii. Utafanya hatua tano zote zilizopita na bado siku moja utateleza, kwa sababu watangazaji wa redio huteleza, mahatibu huteleza, na mimi huteleza mbele ya wanafunzi arobaini. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini kidole kikijikwaa kuna hatua inayofuata, na ulimi vilevile.

Yapo makosa ya aina tatu, na kila moja lina dawa yake.

Kosa dogo lisilobadilisha maana, kama "kikombe yangu" badala ya "kikombe changu" au silabi iliyorudiwa: pita. Usirudi nyuma. Wengi hawakusikia, na ukirudi ndipo watasikia.

Kosa linalobadilisha maana, kama mahari kwa mahali: simama kidogo, sema neno sahihi, endelea. "Alipofika mahari... mahali pale, akamkuta mzee." Bila maelezo.

Kosa la aibu, lile la kicheko: funga mdomo. Vuta pumzi moja kupitia puani. Acha kicheko kipande na kianze kushuka. Usishindane nacho kwa kupaza sauti. Ukitaka kutabasamu, tabasamu. Kisha sema "Samahani," rudi mwanzo wa sentensi, na uisome yote upya, polepole, ukiwa umelitazama lile neno. Unaisoma sentensi nzima ili jambo la mwisho masikioni mwao liwe sentensi iliyo sawa.

Kuna mambo matatu yanayoharibu. Usilirudie neno baya kwa kulieleza: "nilisema hivi, nilitaka kusema vile" inalitamka mara ya pili, na sasa umelitamka kwa makusudi. Usiombe radhi kwa hotuba. "Samahani" moja inatosha. Wala usikae chini. Yule binti wangu angesimama sekunde tano zaidi, naamini darasa lingekuwa limeshasahau kabla ya kengele.

Fanyia mazoezi hili kwa sauti nyumbani. Soma sentensi yako ukiteleza kwa makusudi, nyamaza, pumua, "samahani", soma upya. Mara tano. Itakuchekesha, na kucheka ukiwa nyumbani kunapunguza makali ya kicheko cha darasani.

Kuna makosa mengine yasiyotoka kwenye karatasi. La kwanza ni kumwita mwalimu "mama". Mwanafunzi ananyoosha mkono: "Mama, naomba kwenda..." na darasa linalipuka. La pili ni kukutana na mwalimu mlangoni na kumtupia "Marahaba!" kabla hata hujamwamkia. Yote mawili ni mazoea: mdomo unatoa neno unalolitumia zaidi kwa mtu mzima, au jibu ulilozoea kulisikia. Dawa ni ile ile na ni fupi: "Samahani, mwalimu, naomba kwenda..." au "Samahani, shikamoo, mwalimu." Mwalimu mwanamke aliyeitwa mama na mtoto wa miaka kumi na mitatu hajatukanwa.

Na wewe mwalimu unayesoma hapa: sekunde tatu hizo ni zako pia. Siku ile nilicheka. Kidogo tu, lakini binti aliniona, na darasa liliniona. Sasa hufanya hivi: sitazami wanaocheka, namtazama msomaji, nasema "Endelea, sentensi hiyo toka mwanzo," kwa sauti ile ile ninayotumia siku zote. Simsahihishii neno kabla hajajaribu mwenyewe. Na sijawahi tena kumwambia mwanafunzi aliyeteleza "kaa chini".

Tahadhari kuhusu kigugumizi. Mwenye kigugumizi hajateleza, na mwongozo huu haumhusu kwa namna hiyo hiyo. Usimkamilishie neno, usimwambie "pumua" wala "tulia". Mpe muda wake, mtazame kama unavyomtazama mwingine yeyote. Kama wewe ndiwe mwenye nacho, ongea na mwalimu kabla ya kipindi mkubaliane jinsi utakavyosoma, na tafuta mtaalamu wa matamshi ukiweza kumpata.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Asubuhi, kabla hujatoka nyumbani, pasha ulimi moto kwa kitanza ndimi kimoja: "Wale watu wa Liwali wala wali wa Liwali." Anza polepole, mara tatu, kisha haraka mara mbili. Wanafunzi wa Kenya wanavijua hivi kutoka vipindi vya kusikiliza na kuzungumza. Tanzania tunaviacha kwenye michezo, na ni hasara. Shule zinazoadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila 7 Julai, tangu UNESCO iitangaze mwaka 2021, zina nafasi nzuri ya kuvirudisha jukwaani.

Kunywa maji mafunda machache dakika kumi kabla. Mdomo mkavu hushika ulimi.

Sentensi ya kwanza iwe kichwani, si kwenye karatasi. Ukisimama mikono itatetemeka na karatasi itatetemeka nayo. Ukiwa na sentensi ya kwanza kichwani unapata muda wa kutulia kabla ya kutazama chini. Shika karatasi usawa wa kifua, kidole gumba pembeni mwa mstari unaousoma, na ukisogeze.

Ukikaribia duara, usiinue macho. Waangalie wasikilizaji mwisho wa sentensi, kwenye mikwaju miwili. Kuinua macho katikati ya sentensi ili uonekane unajiamini ndiko kunakompoteza mtu mstari.

## Hatua ya 8: Siku inayofuata

Kama uliteleza, watu watakutania siku moja au mbili. Jibu mara moja kwa wepesi, "Eeh, ulimi ulinishinda," kisha badilisha mazungumzo. Ukikasirika, utani utapata makao.

Halafu, ndani ya siku tatu, zungumza tena darasani. Liwe jambo dogo: soma swali moja, jibu kwa sentensi moja. Mwenye kukaa kimya muhula mzima anauongezea uoga riba.

Kosa lenyewe liandike kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lako: neno ulilokusudia tu, na sentensi yake. Usiandike ulilolisema. Baada ya miezi michache utakuwa na orodha ya mitego yako halisi, na hatua ya 2 itakuchukua dakika tano.

Yule binti nilimfuata muhula uliofuata, nikamwomba asome tangazo mstarini asubuhi. Lilikuwa na sentensi mbili, na nilimpa siku tatu kabla. Alilinakili kwa mkono wake, akaweka duara moja la penseli. Asubuhi ile alisimama mbele ya shule nzima, akafika kwenye duara, midomo ikajikunja sawasawa: "Maji ya kunywa yapo kwenye tangi la nyuma ya jiko." Hakuna aliyecheka. Akakunja karatasi, akarudi kwenye mstari wake.